Vioo Kumi na Viwili vya Ukuta wa Shimo

Papa,

Leo ni Jumapili, tumetoka misa. Ilunga, mjukuu uliyemwachia jina lako, amelala na kidole kimefungwa kitambaa. Usishtuke, kidonda ni kidogo. Kilichomkata ndicho kinachonifanya niandike.

Tangu tukuzike mengi yamegeuka. Unga wa kampuni hauji tena. Umeme wa bwawa la Mwadingusha unakatika asubuhi, unarudi unapotaka, pampu zinasimama, na maji ya shimo yamepanda mpaka kwenye kibanda ulimokuwa unakula bukari yako ya mchana. Tulidhani watafunga. Lakini enjenyere mkubwa wa mgodi aliwakusanya watu, akasema shimo bado lina maisha, atalipatia miaka mingine: shaba iliyobaki iko ndani ya ukuta, katika zile ngazi kubwa zilizochongwa ukutani. Watu walipiga makofi, Papa. Hata mimi. Siku hiyo nilipika sombe kama ya harusi.

Nilisahau neno lako. "Ngazi ni miguu ya ukuta. Ukiikata, ukuta utakaa chini, na utakaa juu ya watu."

Unakumbuka likizo ile, nina miaka tisa, ulinibeba kwenye baiskeli mpaka juu ya shimo? Nilishika ndoo ya plasta. Ulilaza kipande chembamba cha kioo cha dirisha juu ya ufa, nusu huku, nusu kule, ukakibandika ncha zote mbili. Ukanipa peni niandike tarehe, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wako. "Ukuta ukisogea hata kama unywele, kioo kinavunjika. Kioo ni mwoga, ndiyo maana ninakiamini." Kapita mmoja, msimamizi wa zamu, alipita, akacheka: "Papa Ilunga, dirisha tumeliona, mulango iko wapi?" Ukamjibu: "Mulango njo ule utakimbilia siku dirisha itapasuka!"

Kazi hiyo ulimwachia bwana yangu. Ulimfundisha ukiwa kitandani, kifua kinapiga filimbi: kioo kikivunjika, kwanza peleka habari, watu watoke. Kisha weka kipya. Mambo mawili.

Ameshika la pili tu.

Alhamisi Ilunga alijiingiza chini ya kitanda, akatoka na damu na kipande cha kioo mkononi. Nikavuta kopo la maziwa, lile kubwa. Ndani vioo kumi na kimoja, vyote vimevunjika katikati, vyote na plasta kwenye ncha, vyote na tarehe. Cha kwanza kilikaa majuma sita kabla ya kubadilishwa. Vya mwisho siku mbili. Siku moja.

Bwana yangu aliporudi nilimwekea kopo mezani mahali pa chakula. Akasema: "Mama Ilunga, enjenyere anapita, anaona kioo kizima, anafurahi. Bakifunga shimo, batachukua na hii nyumba ya kampuni. Utapeleka mutoto wapi?"

"Na balio chini ya ule ukuta, miye nitaambia bibi zabo nini?"

Akafunika kopo. Si mtu mbaya, Papa, unamjua. Alilia akimfunga mtoto kidole. Anakula kidogo ili sisi tushibe. Ndiyo maana niliogopa zaidi.

Jana nilikwenda mwenyewe. Mlinzi ananijua kama mtoto wako, akaniacha nipite. Ule ufa ambao zamani haukuingiza kidole changu, sasa unaingiza mkono. Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa, mvua kubwa, lakini juu pale hapakuwa na dimbwi hata moja. Ufa umekunywa yote. Chini mashine ilikuwa inakula ngazi ya tatu, na watu kando yake wadogo kama punje za mchele. Niliweka kioo, nikaandika tarehe, nikakaa karibu nacho kama ulivyokuwa unakaa. Plasta ilipokauka tu, nikasikia: tik. Sauti ndogo, kama ukucha.

Hicho cha kumi na mbili nimekibeba.

Leo shimo limepumzika. Kesho asubuhi lori linachukua watu wa zamu pale kona ya kapela. Nitatandika kitenge changu chini, kile cha kilio chako, nipange vioo kwa tarehe. Wasiojua kusoma nitawasomea. Wake zao nimekwisha kuwaambia, pale bombani baada ya misa. Mmoja akanitukana, ati ninataka watoto wake wafe njaa. Nikamwachia zamu yangu ya maji. Labda tutapoteza nyumba, Papa, nyumba uliyoipaka chokaa kila Noeli. Unisamehe.

Bwana yangu nilimwambia nikiwa nimemshika mkono: "Utasimama pembeni yangu ao mbele yangu, lakini utasimama." Alitoka. Nikafikiri amekwenda kwa enjenyere.

Yuko nje. Ninamwona dirishani, ameinama kwenye beseni na kopo la maziwa kando yake. Anaosha udongo kwenye vioo, kimoja kimoja, kwa ncha ya kitambaa, anakwepa wino ili tarehe zisomeke.

Ninakuahidi: kesho hakuna mtu atakayepanda lori lile bila kusoma. Na Ilunga akikua nitampa ndoo ya plasta, nimfundishe yale mambo mawili, la kwanza likiwa la kwanza.

Ulale vizuri, Papa. Lakini usilale leo. Mawingu yanakusanyika juu ya kiwanda cha Shituru, meusi, hayana upepo. Kama huko uliko mtu anaruhusiwa kushika kitu, ushike ule ukuta. Mpaka asubuhi tu. Tukishawatoa watu, uuache.

Mimi mtoto wako, mshika ndoo.