Jaji Aliyeomba Kazi ya Karani

London, Jumanne, Novemba 1972

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba, utakalolisoma lisitoke mdomoni mwako. Mtu atapoteza kazi, na mimi pamoja naye.

Leo wakili wa ofisi yetu alinituma nimtafutie hukumu moja ya zamani ya Afrika Mashariki. Nilikuwa bado napekua faharasa pale Mzee Kanji, yule Mhindi aliyefukuzwa Kampala, aliyeanza wiki jana kutupangia mafaili, alipovuta kitabu rafuni na kukifungua palepale panapotakiwa. Juu ya ukurasa: Kanji, Jaji wa Rufani.

Kwenye fomu yake ya kuomba kazi aliandika karani wa mahakama, basi. Ndiko alikoanzia. Uwakili, uhakimu, Mahakama Kuu, rufani, vyote kaviruka.

"Mzee, ni wewe huyu?"

"Nilikuwa mimi, binti. Kila nilipoomba kazi nikaandika jaji, walinipa chai, kisha wakanisindikiza mlangoni. Hapa niliandika karani, nikapewa meza. Lete kitabu nikirudishe."

Fomu za wafanyakazi wapya ni kazi yangu, na kesho natakiwa nisaini kwamba fomu yake nimeihakiki na haikuficha kitu. Nikisaini, nimewadanganya walioniajiri. Nisiposaini, yeye na mkewe watarudi kwenye kambi ya wakimbizi.

Nitasaini. Naogopa, lakini nitasaini.

Ukiliokota daftari hili, usilipeleke ofisini. Jumamosi nipo soko la Lewisham, kwenye meza ya vitambaa ya shangazi. Uliza Zuhura. Nisipokuwepo, lichome.