Lango Lisilomjua Mama

Makindye, 3 Oktoba 2019

Mdogo wangu Uthman,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo, ila Mama kifua kinambana. Na wewe huko Sharjah, joto limepungua?

Hilo lango lako la kufunguka kwa sauti linatutesa. Umeliwekea neno la siri "karibu". Mimi linanisikia. Mama ni Mganda wa Kasubi, anasema "kalibu" tangu kabla hatujazaliwa, na dude lako halimwelewi. Jana nilikuwa sokoni, akakaa nje na mvua mpaka niliporudi. Tafadhali libadilishe kwenye simu yako, au tupe ufunguo wa kawaida.

Dadako,
Kulthum

Sharjah, 5 Oktoba

Dada,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Nimecheka mpaka basi. Miaka yote ya ndoa na Baba, Mswahili mtupu, Mama hajajua kusema "karibu"? Lango la kisasa, waya hakuna, kila kitu kinapita hewani, halafu nilifundishe "kalibu"? Mfundishe yeye. Na ufunguo utaibiwa tu.

Nduguyo,
Uthman

Makindye, 29 Oktoba

Uthman,

Salamu tulipeana kwenye simu ya msiba, sizirudii.

Unajua Mama amekufa kwa nimonia. Hujui kwamba Jumanne ya tarehe 15 alinyeshewa tena, saa mbili nzima. Jirani yetu Rukiah alimkuta ameegemea ukuta, anakiambia kile kisanduku cha lango "kalibu, kalibu", na sauti imeshamkauka. Nina hasira nawe, sitaki hata inipoe.

Umesema utakuja kwenye arobaini. Njoo. Nimemwita Pitshou, yule fundi Mkongo aliyekuja kuliweka, amelitoa kwenye simu yako. Ukitaka kuingia, sema kama Mama alivyosema. Hicho Kiswahili chako safi kiache uwanja wa ndege.

Kulthum

Makindye, nje ya lango, 2 Desemba

Dada,

Shikamoo. Hamjambo humo ndani? Nasikia hitima inasomwa.

Nimesema "kalibu" zaidi ya mara ishirini. Nimesema polepole, nimesema kwa kelele. Watu wa boda pale kwenye kona wanacheka. Simu yangu hupokei. Basi nimekosa, dada. Nilimdharau Mama, na mimi ndiye niliyemuacha nje. Nimelisema na hilo kwenye kisanduku, kwa sauti. Nifungulie.

Nduguyo,
Uthman

Makindye, 2 Desemba

Uthman,

Hatujambo. Tumekusikia wote. Nilimwomba maalim asimamishe kusoma, watu wasikie vizuri.

Pitshou alikikatia umeme kile kisanduku tangu Oktoba. Mimi ndiye niliyemwambia akiache ukutani, kwa ajili yako. Hapo ulikuwa unaongea na plastiki.

Lango halijafungwa. Liko wazi tangu asubuhi, wageni wote wamelisukuma tu wakaingia.

Binti wa Mama,
Kulthum