Tapeti Kumi na Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwanza, maana Mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha zinatangulia. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo ameshaacha kula udongo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma mwenyewe, ila nakuomba ukae kitini kabisa, kwa sababu mimi yalinikuta nimesimama.

Habari ni ya lori. Naam, lile lile. Miaka tisa limekaa uani chini ya turubai, kuku wanataga kwenye kiti chako, na Baba hakutaka mtu aliuze wala aliguse. Mwezi uliopita akaniambia kwamba macho yake karibu yamekwisha, na anataka kulisikia likiunguruma kabla masikio nayo hayajamuaga. Nilifurahi kama mwendawazimu. Karakana sasa naiendesha mimi. Mteja akiuliza fundi yuko wapi, namwambia anaongea naye, naye bado anachungulia nyuma yangu kumtafuta mwanamume.

Nikaifungua injini. Kamshafti, kile chuma kirefu chenye vinundu vinavyozifungua valvu, ilikuwa imelika vibaya, vinundu vingine vimebaki duara. Tapeti, vile vipande vinavyokaa juu ya vinundu, zilikuwa hoi, na chenga za chuma zimejaa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mungu anisamehe, nilisema moyoni kwamba kweli kaka aliiua hii injini. Nikaifunga kamshafti na tapeti moja kwenye gazeti, nikaenda kwa muuza spea tunayemwita Katalogi, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila daftari lake la namba za vyuma kwapani.

Katalogi alinitolea kamshafti mbili. Moja ya watu wa mbio, vinundu virefu, injini inavuma vizuri lakini ukiibebesha mzigo mlimani inakata pumzi. Nyingine ya kawaida, ya kuvuta kwa nguvu tangu mwendo wa chini. Alisema lori kuukuu ni mzee mwenye heshima zake, usimvalishe raba. Nikachagua hiyo ya kawaida na kumwambia anifungie, tapeti sitaki, nitazisafisha zile zile. Akaichukua na kuirudisha kabatini.

Nilidhani ananitania. Akasema heri nimng'oe jino kuliko aniuzie hivyo. Kila tapeti iliyotumika imeshalika kwa kufuata kinundu chake. Ukiiweka juu ya kinundu kipya, vitatafunana. Akaomba aione ile ya kwangu. Akapitisha kidole chini yake, pamechimbika kama kitovu. Akaitazama na kamshafti, akacheka sana, akauliza ni mjinga gani aliyefunga kamshafti mpya na tapeti kuukuu. Akaongeza kwamba dereva hata angemwaga oili mpaka ifurike, injini ile isingemaliza mwezi.

Kaka, nilicheka naye. Nilicheka kabisa, halafu boksi moja likanijia akilini. Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya grisi. Boksi lilikuwepo. Tapeti kumi na mbili, mpya, kila moja ndani ya karatasi yake ya mafuta.

Acha niseme nisije nikazungukazunguka. Mjinga huyo ni mimi. Baba aliponiachia kwa mara ya kwanza nifunge kamshafti peke yangu, alinipa maboksi mawili, la kamshafti na la tapeti. Unaikumbuka sheria yake, kinachong'aa hakitupwi. Nikaziosha tapeti za zamani kwa petroli, zikang'aa, nikazirudisha, nikazificha zile mpya ili siku moja nimshangaze kwa ubahili wangu. Halafu nikasahau. Wiki tatu baadaye injini ikanoki ukiwa na mzigo, Baba akakunyang'anya ufunguo mbele ya majirani akisema umeendesha bila oili. Uliapa kwamba ulipima kila asubuhi. Nilikuwa pale pale, tambara mkononi, nikakuona mwongo. Hakuna aliyekupa tena lori mji huu, ukaondoka na begi moja.

Sikungoja. Niliwaendea Baba na Mama sebuleni, nikamwekea Baba boksi mapajani, nikasema yote. Alizihesabu kwa vidole, moja mpaka kumi na mbili. Nilisubiri kofi. Badala yake akalia, Kaka, Baba yule!

Akasema siku ile, kabla hajakuita, alichomoa kijiti cha kupimia oili kwa mkono wake mwenyewe. Oili ilikuwa kwenye alama. Alijua husemi uongo. Lakini nafasi za valvu alizipima yeye nilipomaliza kufunga, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jambo alilowaficha wateja. Aliamini ni yeye aliyeiua injini. Akaliokoa jina lake la ufundi, lako akaliacha lizame.

Tangu siku hiyo Mama anaongea naye kupitia kwangu: mwambie baba yako chakula kiko mezani. Na Baba amekaa hatua mbili kutoka kwake.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lilikuwepo, Kaka, rafuni, karibu na mkono wangu, miaka yote hii. Nisamehe kwa chuma, na zaidi nisamehe kwa kutokukuamini. Ya Baba atayasema mwenyewe. Ameshawazungukia majirani wale wale, nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akiwaambia kwamba ulipima oili.

Katalogi amelinganisha namba, tapeti zile zinafaa, na kamshafti amenipa. Injini nimeshaifunga. Anasema ikiwashwa mara ya kwanza isiachwe ikiunguruma pole pole. Ishikwe kwenye mwendo, mguu ukiwa kwenye mafuta, dakika ishirini mfululizo, hapo ndipo vyuma vinazoeana au vinaharibiana. Nilitaka kuiwasha jana. Baba alikataa, akasema itawashwa na mkono alioupokonya ufunguo. Basi ufunguo umo humu ndani ya bahasha. Oili iko kwenye alama. Nimepima mimi, kisha Baba akaniomba nimshike mkono, naye akapima.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na umwambie wifi chumba kimeshapigwa rangi. Mama anasema kuku atawahamisha yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Spana
(Jina hili ulilonipa sijamruhusu mtu mwingine kuniita.)