Marekani ya Dirishani

Baba Zuhura,

Sijui barua ya marehemu hupelekwa wapi. Nitaikunja niiweke kwenye bahasha ya picha, kama zile ulizokuwa ukiniachia niandike majina ya wateja. Nakuandikia nikiwa chumbani mwetu, na ningekuwa wapi pengine? Zimebaki siku kumi na tisa eda yangu iishe. Mchana kutwa naisikia studio yetu upande wa pili wa pazia, hatua nne tu, na nimekatazwa kuikanyaga.

Kwanza niwie radhi. Walitaka kukuzika asubuhi mapema, maduka ya hapa Shinyanga hayajafunguliwa, na sanda ikapungua. Ndugu yako Hamisi akaingia studio, akaitungua marekani ya dirishani, ile nguo nyeupe ya pamba, wakaijazia. Nilimwona. Nani angenielewa nikililia pazia, na mume amelala pale? Ukazikwa nayo. Mwanga wetu umekwenda nao, Baba Zuhura, na mimi nilinyamaza.

Ilipopita arobaini, Hamisi akajifanya mpiga picha. Aliliona dirisha liko wazi akafurahi, akidhani jua likiwa jingi ndiyo picha huwa nzuri. Sasa linaingia zima zima, linampiga mteja shavu moja, la pili linabaki jeusi kama chungu. Na lile debe la mafuta ya taa ulilolipasua ukalinyoosha, tukabandika karatasi ya fedha ya sanduku la chai, yeye analifunikia mtungi wa maji! Ningekuwa na ruhusa ya kupiga kelele ningepiga.

Wewe ulikuwa ukisema, "Mama Zuhura, mwanga upite kwenye nguo kwanza, halafu debe liurudishe kwenye shavu la gizani." Mteja akae hatua mbili kutoka ukutani, asije akabeba kivuli chake mgongoni. Miaka kumi na moja nimelishika debe hilo. Watu walidhani nashika tu. Wewe ulijua kwamba kulipinda huku na huku nilikuwa nikijua mwenyewe, na mara nyingine ulikuwa ukinisubiri mimi ndipo ubonyeze. Hukuwahi kumwambia mtu. Nimelifikiria hilo sana humu ndani, na limeniuma.

Ijumaa moja Hamisi ameenda msikitini, nikasikia mtu analia studio. Bibi mmoja wa Kisukuma, ametembea kutoka Mhunze, picha aliyopigwa na Hamisi mkononi. Mwanawe anachimba dhahabu Geita, mwaka wa nne hajarudi, alitaka amtumie sura yake. Akaniambia kupitia pazia, "Mayu, mama yangu, mwanangu ataona nusu ya uso imekufa. Atajua naumwa, na siumwi."

Nilisimama kwenye pazia nikijiuliza kama mguu mmoja ni kutoka au si kutoka. Ni mwanamke mwenzangu, na nyumba ni hii hii. Nikavuka. Marekani hakuna, nikavua shuka la kitanda chetu nikalitundika dirishani. Nikaliondoa debe mtungini, nikalisimamisha juu ya kigoda upande wa gizani, nikaligeuza kidogo, tena kidogo, mpaka kila kunyanzi la bibi yule likaonekana na hakuna lililomezwa. Kwa kuwa nguo inapunguza mwanga, nikafungua jicho la kamera nikahesabu mpaka tatu, kama wewe. Nilifurahi, na nikaona aibu kwamba nimefurahi ilhali umekufa.

Hamisi aliikuta picha ya bibi ikikauka kwenye kamba. Kesho yake akawaambia watu ameupata mkono wa marehemu. Shuka akaliacha pale pale.

Wateja wakaongezeka, na mimi nikazidi kufungika. Mwanzo alipanga auze kamera, mimi nirudishwe kwetu Tabora. Sasa hauzi tena. Ametuma wazee waje waseme nami kupitia pazia: eda ikiisha anirithi, nisihangaike, nitakaa ndani humu humu nimshikie debe. Amekwisha chukua shuka, sasa anataka na kitanda. Picha niliyoipiga kuokoa jina lako ndiyo imenifungia mlango. Nikimkataa, naondoka mikono mitupu. Nikimkubali, nitakufa nimeshika bati.

Unaikumbuka ile picha ya karani na mkewe, iliyoharibika kwa sababu vidole vyangu vilitokeza pembeni? Ulifoka, "Mama Zuhura, vidole!" Nimeitafuta nikaipata. Nyumba nzima haina picha yako, maana ulikuwa nyuma ya kamera siku zote. Yangu ni hivyo vidole vinne tu. Nimevitazama sana.

Basi sikia. Siku nitakayotoka edani nitaingia studio saa tatu mchana, viti vimejaa, nami nitalitungua shuka langu mbele ya wateja wote. Nguo nyingine hapo hana, itambidi aniombe nilirudishe, na wote wasikie akiomba. Nitalirudisha, ila nyuma ya kamera nitasimama mimi, na debe atalishika yeye. Akikataa, nitaondoka na shuka na debe langu, abaki na kamera yake na jua lake. Naogopa, lakini nitafanya.

Pumzika, Baba Zuhura. Nisamehe ile marekani, nami nimekusamehe kule kunyamaza kwako. Nakuahidi vidole vyangu havitatokeza tena kwenye picha ya mtu, labda iwe yangu.

Mkeo,
Mama Zuhura