Boriti ya Chumbani kwa Shangazi

3 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Mimi na shangazi yako tu wazima, ila magoti yake yanagoma siku za baridi. Wewe je? Kifua kimepona, au vumbi la vitambaa huko kiwandani bado linakukohoza?

Habari ya huku ni mchwa. Wamejenga njia zao za udongo ukutani nyuma ya kabati la shangazi yako, kutoka sakafuni hadi juu. Nimezikwangua zote kwa mwiko, nikamwaga oili chafu, nikapaka rangi. Ukuta unang'aa, huwezi kujua kama walipita. Kisha nikapanda ngazi nikagonga boriti zote za paa, moja baada ya nyingine. Nzima. Shangazi yako eti anasema ya chumbani kwake inalia kama debe tupu. Nimemuuliza tangu lini amekuwa seremala. Amenuna mpaka sasa.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo baba,

Kifua hakijambo, nakunywa maji ya moto. Shangazi mpe pole ya magoti, na pole ya kuishi na wewe.

Baba, kwa nini umezikwangua? Njia zile ndizo zingemwonyesha fundi wa dawa wanakotokea. Sasa wako ndani, na wewe umewapakia rangi! Mwite fundi atoboe sakafu kando ya msingi, amimine dawa ardhini. Lile rundo la mbao ulilolaza ukutani huko nyuma liondoe, umewaandalia karamu. Na boriti usiigonge tu, ichome kwa patasi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Huku afya ipo, maneno ndiyo mengi.

Mbao za nyuma nimeondoa. Fundi wa dawa alikuja na mabomba yake mgongoni. Badala ya kushughulika na mchwa, akapanda ngazi, akagonga boriti ya shangazi yako, akatikisa kichwa. Eti imeliwa. Nikagonga na mimi palepale: nzima! Mtu wa mabomba anifundishe mimi mbao? Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye mashine ya randa, na paa hili nimelipaua mwenyewe. Nimemwonyesha mlango. Na kuchoma boriti nzima kwa patasi sitaki, huko ni kuiharibu.

Baba yako

12 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, kwa hiyo nivumilie.

Nilipokuja likizo nilisimama mlangoni pa karakana nikakuita chai mara tatu. Hukugeuka. Nilidhani umezama kazini. Redio unaifungua mpaka jirani anaitikia nyimbo. Simu huitaki, unasema siku hizi watu wanamumunya maneno. Baba, niwie radhi. Mashine ile imenguruma sikioni mwako miaka thelathini na moja. Boriti inalia. Wewe ndiye huisikii.

Mhamishe shangazi chumba leo hii. Naogopa, na sioni aibu kusema.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Barua imefika. Sisi wazima.

Shangazi yako nimemhamishia chumbani kwangu. Kile chake nalala mimi, chini ya boriti ileile, ili wewe upate usingizi huko uliko. Masikio yangu hayajambo.

Baba yako

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Toka humo. Nilisema shangazi kwa sababu ndiye aliyekuwa chini yake. Sikusema ulale wewe! Lala sebuleni, lala karakana, lala popote. Unikasirikie mwaka mzima, lakini uwe hai.

Mwanao

27 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii sijapata jibu. Niandikie neno moja tu.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima kabisa, na shangazi yako vilevile. Nisamehe kimya. Kwanza nilikuwa nimekasirika, kisha nikaona haya, na haya ndiyo iliyonichelewesha zaidi.

Asubuhi moja nimelala chali, nikaona unga unanimwagikia kifuani. Shangazi yako akaingia mbio, mwiko wa uji mkononi: "Hukusikia? Imepasuka!" Yeye alisikia akiwa jikoni. Mimi niliyekuwa chini yake sikusikia kitu. Nikachukua patasi. Iliingia mpaka kwenye mpini, kama ndani ya mkate. Juu gamba, ndani udongo mtupu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nakwambia mwenyewe kabla shangazi yako hajakuandikia.

Fundi wa dawa nimemwomba radhi, amerudi, ametoboa na kumimina. Boriti zilizobaki nilimwambia agonge yeye, mimi nikawa namtazama uso. Mbili mbovu, nne nzima. Paa la chumba kile tumelishusha, na shangazi yako anamwonyesha kila apitaye ile boriti iliyoliwa.

Sasa zinatakiwa mbao mpya. Jana nilikwenda kiwanda cha mbao nikasimama mbele ya rundo, nikagonga hii, nikagonga ile. Kimya kilekile. Nikarudi mikono mitupu.

Omba ruhusa uje. Utagonga wewe, na mimi nitakueleza mbao nzima inavyojibu, maadamu sauti yake bado naikumbuka.

Baba yako