Bibi, Hukufa kwa Uzee

Bibi yangu,

Nakuandikia kwa hasira, nikiwa hapa mjini Biryogo, juu ya meza ya cherehani. Wiki tano sasa tangu tukuzike, na bado wanasema ulikufa kwa uzee. Walisema matangani. Juzi Baba Mdogo Saidi, mwanao, alimwambia hivyo hivyo mteja dukani mwake, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Uzee! Wewe uliyepanda kilima Septemba hii iliyopita na ndoo ya maji kichwani, ukanicheka mimi niliyehema nyuma yako?

Tangu mama yangu afariki ulinilea Kabuga, katika ile nyumba ya karibu na stendi. Hukuwahi kuwa na duka wala mshahara. Ulikuwa na jiko lako, na kila aliyeshuka basi ana njaa aliujua mlango wako. "Mutu hapiti hapa na njaa," ulisema, ukaongeza maji kwenye maharage. Ulizidisha chumvi, Bibi, hilo nalo niliseme. Hakuna aliyelalamika.

Jirani yetu Mama Furaha alikula kwako kuliko wote. Alipojifungua mumewe hayupo, mwezi mzima ulimpelekea uji wa mtama na kumfulia nguo za mtoto.

Halafu Oktoba vita vikaanza kule mpakani. Wiki ile nilikuwa nimekuja kukutembelea kutoka huku ninakoshona. Vijana wawili waliokuwa wakitafuta kibarua walikula kwako mchana, wakashukuru, wakaenda zao. Kesho yake wakaja askari. Mama Furaha alisimama nao uani, akawaonyesha mlango wako kwa kidole. Alikuwa amewaambia unalisha ibyitso, washirika wa adui! Wakamwaga unga wako chini wakitafuta bunduki. Bunduki, kwenye unga wa muhogo!

Walikufungia katika ghala tupu siku kumi, ukilala kwenye sementi bila hata mkeka. Ulirudi na kikohozi ambacho hakikukuacha tena. Nilipokuuliza habari za mle ndani, ulisema tu, "Kulikuwa na baridi, mwana wangu." Jirani hukumtaja hata mara moja. Januari ukatutoka.

Siku ya matanga nilikuwa napakua wali. Mama Furaha akaingia akilia kwa sauti kutushinda sisi wajukuu, akaketi kati ya wanawake, akasema, "Iko uzee tu. Mungu ameita muzee wake." Kisha akanyoosha mkono apewe sahani.

Sikumpa. Nilimwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye uliyewaleta askari." Hakukana, Bibi. Aliinamisha kichwa, lakini mkono hakuurudisha.

Baba Mdogo akaja mbio kutoka uani, akaninyang'anya upawa na kumpakulia yeye mwenyewe. "Nyamaza, Hadija," alininong'oneza. "Maneno haya yatatufungisha wote." Alipakua mbio mbio hadi wali ukamwagika. Naelewa anaogopa, ana watoto, na askari bado wanapita mitaani. Angenyamaza basi! Nani alimlazimisha kusema uongo juu ya mama yake mzazi?

Najua wewe ungempa ile sahani. Ungemwongezea na nyama. Nimejaribu kufikiri kama wewe, nimeshindwa. Nisamehe kwa hilo. Lakini sitamwomba yeye radhi.

Jumapili ni arobaini yako. Baba Mdogo amenitumia ujumbe nisije, nibaki huku nishone. Nitakuja. Nitapanda basi la kwanza la Kabuga, na sheikh akishamaliza dua nitasimama niwaeleze ulivyokufa, nikimtaja kwa jina aliyekuchongea, na zile siku zote kumi. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze wakiwa wameshasikia.

Kwaheri, Bibi. Mungu akulaze pema. Ukisikia kelele Jumapili, usishtuke. Ni mimi.

Mjukuu wako,
Hadija