Maranda Yaliyolowa Chini

Mjukuu wangu Nekesa,

Nakusalimu kutoka Eldoret. Sisi hatujambo, ila mvua imezidi, na magoti yangu huitabiri kabla ya redio. Mamako amerudi Kesses salama.

Umeuliza mbona vifaranga wako huko Voi wanahara damu tena baada ya kupewa dawa. Umenikumbusha enzi ya chama kimoja, mimi na babu yako tukiwa wageni hapa mjini. Mama yangu angekuja Krismasi kuona boma letu kwa mara ya kwanza, na kwetu mgeni kama huyo hachinjiwi kuku wa sokoni. Tukaanza kufuga vifaranga. Babu yako alileta maranda kutoka kwa maseremala, na kila asubuhi akatandaza mapya juu ya yale ya zamani. Banda lilipendeza, lakini vifaranga wakaanza kuhara damu na kufa.

Jirani yetu, Mama Otieno, alikuja kutazama, akaingiza mkono kwenye maranda mpaka chini, akautoa umelowa.

"Shemeji, umekifunika kinyesi shuka!" akacheka. "Na hii karai ya maji, kwani unafuga bata?"

Tulitoa maranda yote, tukaweka makavu, na maji tukayainua juu ya tofali wasiyakanyage. Dawa iliwasaidia waliougua, lakini ukavu ndio uliowalinda wengine. Krismasi tulimchinjia Mama jogoo wetu wenyewe.

Tangu hapo babu yako hakunywa chai ya asubuhi kabla ya kugusa maranda. Siku hizi nagusa mimi kwa niaba yake. Nawe ingiza mkono mpaka chini, mjukuu wangu.

Bibi yako,
Eldoret